Miwani Niliyoikuta Kwenye Valizi Yako

Zaina wangu,

Uko ng'ambo ya mto, Lubunga, umekwenda kumuaga koko yako, na mimi namjua mama yangu: hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimefunika cherehani, nimewaambia wateja warudi kesho kutwa, na nimekaa kwenye kiti cha baba yako na daftari lako la zamani la hesabu. Naandika kwenye kurasa ulizozibakiza. Hesabu zako za darasa la sita bado zimo humu, zote zina alama ya sawa, nami nilizipitia moja moja kabla sijaanza, ingawa nyingine sizielewi.

Habari za koti, za dawa, na za kutosinzia uwanja wa ndege wameshazimaliza shangazi zako. Tangu Jumatatu wanakuja mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege, na wote wanajua ndege ilivyo. Mimi nina neno moja tu.

Asubuhi nilikuwa nakunja liputa zako za kitenge kwenye valizi ya safari, maana wewe unakunja nguo vibaya na sitaki watu wa Madagaska waseme mtoto wa fundi hajui kukunja. Chini kabisa, ndani ya soksi, nikakuta miwani mpya, na kikaratasi kimezungushwa na uzi: Kwa Voahangy. Pardon. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Baba yako alipita akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni mgongo.

Miaka kumi na miwili, mwanangu. Nilidhani umesahau. Kumbe ulipoandika Madagaska mbele ya nchi zote kwenye karatasi ya chama cha kubadilishana wanafunzi, na sisi tukashangaa kwa nini umeacha Ubelgiji na Kanada, ulikuwa na safari yako ndani ya safari. Unakwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo hukulifanya. Aliyekutwika kosa hilo ni mimi, na kabla hujafika huko lazima nikutue.

Lakini niache kwanza nijisifu. Kesho nitajisifu mbele ya watu. Leo nataka kujisifu mbele yako.

Siku ya mahojiano nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu ulinikataza kukaa mbele. Vijana walikuwa wengi, wengine wamevaa viatu ambavyo baba yako angeuza duka avinunue. Mwanamke wa komite akakuuliza utafanya nini ukikuta familia inayokupokea inakula kitu usichokijua. Yule aliyekutangulia alisema ataomba mkate. Wewe ulisema utauliza jina la chakula, kisha utauliza nani amekipika. Nikamwona yule mwanamke anaweka kalamu chini akakutazama vizuri. Pale pale nilijua umepita. Sikuwa na haja ya kungoja majina wiki mbili, nilingoja kwa adabu tu.

Na sikushangaa. Ulipokwenda Yangambi na shule, siku zile za mashua, ukiwa na miaka kumi na minne, baba yako alitaka utueleze habari za miti na mashine za watafiti. Hukutueleza hata mti mmoja. Ulitueleza habari za watu uliokuwa nao mashuani: nani anaishi na shangazi yake, nani amefiwa, nani anasali kanisa lipi na kwa nini hali samaki fulani. Baba yako akasema pesa ya safari imepotea. Mimi niliona haijapotea, ila sikukwambia, maana ukisifiwa mapema unaota pembe.

Sasa niendelee, kabla sijapata kisingizio cha kuacha.

Ulikuwa na miaka sita. Chama hiki hiki kilikuwa kinatafuta familia za kuwapokea vijana, maana kijana mmoja akitoka hapa, mwingine wa huko huja hapa, na kila mmoja hukaa nyumba ya watu mwaka wa shule. Baba yako aliandika jina letu. Tuliambiwa tutapata msichana kutoka ng'ambo. Kwetu ng'ambo ni Poto, yaani Ulaya, na Poto ni Mzungu, kwa hiyo nilijiandaa kumpokea Mzungu. Nilinunua uma. Nilinunua makaroni. Baba yako alipaka chokaa ukuta wa choo, akajipaka na yeye mwenyewe.

Siku ile mtaa mzima ulisimama kwenye lango letu, na aliyeshuka kwenye gari ni msichana wa kahawia, nywele ndefu zimenyooka, miwani mikubwa puani, Kifaransa chake cha polepole. Mchina si Mchina, Mhindi si Mhindi. Watoto walimwita Chinoise mpaka wiki ikaisha. Akatuambia anaitwa Voahangy, anatoka Madagaska, na kwao wanakula wali asubuhi, mchana na jioni. Zile makaroni tulizila sisi. Nilijiona nimepunjwa kidogo, nikubali na hilo. Nilikuwa nimeshawatangazia majirani Mzungu.

Hata hivyo mgeni ni mgeni. Nyumba yetu unaijua. Babu zetu walifika hapa zamani za misafara, na vitambaa na bunduki, na mengi waliyoyafanya hatuyasimulii watoto. Linalosimuliwa ni moja: kwetu mgeni hanyanyui hata kikombe chake. Nilimpa kitanda changu. Nilimpelekea chakula salon, sebuleni, kwenye sinia, kimefunikwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Sisi tulikula uani, jikoni, kama kawaida, na yeye alikula peke yake akitusikia tukicheka. Niliona nimempa heshima ambayo hata gavana angeiona.

Siku ya tatu nikamkuta uani ameshika mchi. Anatwanga sombe, na anajua kutwanga, maana kumbe kwao pia wanakula majani ya muhogo. Nilimpokonya ule mchi nikamwonyesha kiti. Akafua nguo yake moja, nikaianua nikaifua upya. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nilikuwa naijua tangu utoto. Nilidhani imetungwa kwa ajili ya watu wa mashamba.

Halafu yakaja mambo ya ukoko. Siku moja, wali umekwisha kupakuliwa, alikuja akachuchumaa karibu na sufuria. Akaniomba ukoko uliobaki chini. Alitaka kumimina maji juu yake, ayachemshe, kisha ayanywe, ndivyo wanavyofanya kwao baada ya kula. Zaina, nilisikia aibu mpaka masikioni. Ukoko wetu ni wa watoto na wa kuku. Je, jirani akipita akaona mgeni wangu anakwangua sufuria? Nikamwambia hapana, nikamtuma mtoto wa jirani akamnunulie soda. Akasema asante. Akainywa soda yote, amekaa salon, peke yake. Hakuniomba kitu tena.

Ni wewe peke yako uliyevunja sheria zangu. Ulikuwa unaingia salon unafunua sinia lake, unakula naye mkono kwa mkono. Ulimfundisha kuhesabu kwa Kiswahili, akakufundisha kwa lugha yake, na ukawa unawahesabia kuku kwa lugha isiyojulikana na mtu mwingine yeyote Kisangani. Nilikuwa nakuita utoke, usimsumbue mgeni. Ulikuwa hutoki. Na siku ulipovaa miwani yake ukakimbia nayo kwenye parsele yetu, uani, ukaanguka, kioo kimoja kikapasuka, alicheka. Alikifunga kwa gundi akaendelea kuivaa, akawa anakwambia jicho hilo linaona Zaina wawili. Hilo la kucheka kwake hulikumbuki, kwa sababu baadaye nilikupa kumbukumbu nyingine.

Wiki haijaisha tangu kioo kile kipasuke, naye ametimiza kwetu miezi miwili, akaja mtu wa chama. Alikuwa mpole. Akasema, "Mama, mutoto anasema kwenu iko muzuri sana. Lakini anaishi peke." Akaomba ruhusa ya kumhamishia familia nyingine. Nikauliza familia gani. Akanitajia Mama Georgine, wa kule kwa wavuvi, kwenye maporomoko.

Komini ni moja, sehemu ile ile ya mji, yetu na yao. Kutoka kwetu hadi kwao unakwenda kwa mguu. Lakini sisi watu wa kanzu na wao watu wa mitego tulikuwa tunasalimiana sokoni tu, juu ya samaki. Wao Jumapili kanisani, sisi Ijumaa msikitini, na katikati nilikuwa nimeweka dharau. Naliandika neno hilo waziwazi kwa sababu wewe hukulikuta. Ulipokua, Mama Georgine alikuwa tayari anaingia jikoni kwangu bila kubisha.

Nilikaa na uchungu wiki tatu. Kisha nikapika pilau, nikavaa kitenge changu cha super-wax cha sherehe, nikateremka maporomoko na sinia kichwani, ili watu waone kwamba mgeni hakunikimbia. Nilimkuta Voahangy amechuchumaa kwenye moto wa Mama Georgine, mikono imejaa magamba ya samaki mpaka viwiko. Pembeni kuna sufuria, ndani maji ya ukoko yanachemka, na watoto wa pale wanangoja kila mmoja na kikombe chake.

Nikamwambia Mama Georgine, bila hata kumsalimu, "Mugeni wa watu, unamupikisha?"

Hakuinua sauti. "Mi sikumupikisha. Alikamata sufuria yeye mwenyewe, mi nikanyamaza."

Akanimiminia kikombe. Nilikuwa na kiu, jua kali, nimetembea na sinia zito. Nikakataa. Niliweka pilau chini nikageuka niende. Voahangy akanifuata mpaka kwenye njia, akifuta mikono kwenye liputa yake, na akaniuliza habari zako. Nikasema hujambo. Hapo akaniambia neno ambalo nimelikalia miaka kumi na miwili. Nitakuandikia hapa chini. Nivumilie kidogo, naogopa.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi unamngoja, maana ulisikia ninakwenda kwake. Ukaniuliza, "Mama, Voa atarudi?" Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mama yako ni mjinga. Mtaa ulikuwa unasikiliza, na aibu ilikuwa inanichoma, nikaitupa mahali palipokuwa karibu. Nikasema, "Hatarudi. Ulivunja lunettes yake."

Hukulia. Uliweka mikono yako chini ya mapaja ukaikalia. Nilikuona. Nikaingia ndani.

Tangu siku ile, ukienda nyumba ya watu unakaa hivyo. Walimu wamekusifu, wajomba wamekusifu: mtoto wa adabu, hagusi kitu. Nami nimepokea sifa hizo zote, nikajibu asante. Hata siku ya mahojiano, mwishoni, walipokuuliza utafanyaje ili uishi vizuri na familia ya huko, wewe uliyekuwa umejibu yote kwa kichwa juu uliangalia magoti yako ukasema, "Sitagusa kitu ya mutu." Wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta. Ulidhani nimetoka kwa furaha. Furaha ilikuwepo pia, sikatai.

Unataka kujua kama nilijuta mapema. Nilijuta, ila majuto yangu hayakuwa na miguu. Mwaka mmoja baadaye, Voahangy amekwisha kurudi kwao, nilikuwa peke yangu jikoni, wali umekwisha, ukoko uko chini. Nikafunga mlango. Nikamimina maji, nikachemsha, nikanywa. Ni maji tu, yana moshi kidogo na harufu ya wali. Hayana ubaya wowote. Nililia juu ya sufuria, na si kwa sababu ya Voahangy peke yake. Wiki ile ile nikateremka maporomoko bila sinia, nikamwambia Mama Georgine nimekuja kunywa kikombe changu. Akasogea kwenye benchi nikae. Undugu wetu ulianza hapo, na si pale nilipokushonea wewe na mjukuu wake nguo za kufanana, kama unavyopenda kusimulia.

Yeye anajua nilichokwambia. Nilikiri kwake. Kila mwaka ananiuliza, "Ulimuambia mutoto?" Ninamjibu bado. Anasema, "Alors, unangoja azeeke?" Mimi hucheka, tunaendelea na samaki. Mtu anaweza kuwa jasiri wa kuvuka mtaa, kuvuka dini, hata kunywa maji ya ukoko, na bado akamwogopa mtoto wake mwenyewe.

Basi hili ndilo neno lenyewe. Pale njiani, na magamba mikononi, Voahangy aliniambia: "Mama, kama haikuwa Zaina, ningetoka kwenu semaine ya kwanza."

Umesoma? Wiki ya kwanza. Soma tena. Wewe ndiye uliyemweka kwetu. Miezi miwili aliyokaa ilikuwa miezi yako. Alinipa sifa yako nikupelekee, na mimi nikaibeba kutoka maporomoko hadi kwenye ngazi yetu, nikaigeuza kosa kabla sijafika mlangoni. Katika nyumba nzima ya watu wazima wenye heshima zao, aliyejua kumpokea mtu alikuwa mtoto wa miaka sita mwenye mikono michafu, na mama yake alimfundisha aikalie mikono hiyo.

Kwa hiyo naomba, huko unakokwenda, uwe yule wa kwanza. Funua sinia. Shika mchi kabla hujaambiwa, na ukipokonywa, rudi ukaushike kesho. Huenda ukakutana na mama mwenye sheria zake kama mimi, anayekupa kiti kizuri kwa sababu hajui akupe nini kingine. Mwonee huruma kidogo. Hakuchukii. Anaogopa kuonekana na majirani. Na utakapotaka kuswali, usijifiche chumbani. Swali, na mtoto wa pale akija kuuliza, mwache aulize. Mambo mengine unayajua kuliko mimi. Chama kinasema kinawapeleka vijana wakajifunze kuelewa watu wengine, na mimi katika moyo wangu najua kwamba safari hii wanapeleka mwalimu. Sikuwaambia, wasije wakaingiwa na mashaka.

Miwani nimeirudisha ndani ya soksi, na kikaratasi chake nimekiacha, maana ni mali yako. Kisiwa ni kikubwa, huenda usimpate. Ukimpata, mpe miwani kama zawadi ya rafiki kwa rafiki. Lile neno pardon, mwambie ni la mama Zaina, lilichelewa njiani.

Nasikia sauti yako kwa jirani, umerudi, na bila shaka una mfuko wa vitu vya koko ambavyo haviingii kwenye valizi. Naandika haraka. Kesho uwanja wa ndege, Bangboka, sitasema lolote kati ya haya. Nitakuwa nalia na kumwonyesha kila mtu kwa kidole: huyo, anayepanda ngazi sasa, huyo ni wangu. Barua nitakupa imefungwa, uisome ukiwa angani, ambako huwezi kugeuka ukaja kunifariji mimi. Nakujua.

Mungu awe nawe kila mlango utakaoingia. Chama kitatupigia simu kutuambia umefika salama, kwa hiyo usianze na hilo. Anza kwa kuniambia kama umenisamehe. Kama bado, andika bado. Nitangoja.

Mama yako